Je, Wajua? Mwili Wako Umepimwa Kiasi Unachovumilia

Kabla mhandisi hajabuni kitu cha kukukinga na jeraha, sharti ajue jeraha lenyewe linaanzia wapi. Mfupa wa paja huvunjika kwa nguvu kiasi gani? Kifua kibonyee sentimita ngapi ndipo mbavu zikatike? Ubongo husukasuka vipi ndani ya fuvu? Maswali hayo hayajibiwi kwa kukisia. Wako waliodondosha mayai kutoka juu, waliojifunga kwenye gari la roketi, na waliosaidia wakiwa wameshafariki. Uhandisi tiba wa leo umesimama mabegani mwao.

Mayai ya DeHaven

Mwaka 1917, Mmarekani Hugh DeHaven alikuwa akijifunza urubani katika kikosi cha anga cha Uingereza. Ndege yake iligongana na nyingine angani ikaanguka. Alipona, lakini viungo vya ndani vya tumbo vilikuwa vimepasuka. Walimwambia ana bahati. Yeye hakuridhika na neno bahati. Alipochunguza, aliona kwamba kilichompasua tumbo ni kifungo cha chuma cha mkanda wake mwenyewe.

Miaka mingi baadaye alianza kudondosha mayai juu ya povu ili aone ni lipi litakalosalimika. Kisha akakusanya habari za watu walioanguka kutoka magorofani, kimo cha mita 15 hadi 45, wasife. Mwaka 1942 alichapisha alichokigundua: waliopona walikuwa wameangukia kitu kilichobonyea, kama udongo laini wa bustani au bati lililokubali kukunjika. Kuanguka hakuui. Kinachoua ni namna unavyosimama.

Piga hesabu uone. Mtu anayekwenda kilomita 50 kwa saa akisimamishwa ndani ya sentimita 5, mwili wake hubeba nguvu inayokaribia mara 200 ya uzito wake. Akisimamishwa ndani ya sentimita 50, nguvu hiyo hushuka hadi mara 20 hivi. Tofauti kati ya jeneza na mchubuko ni sentimita 45. Karibu kila kifaa utakachokisoma hapa chini ni njia mojawapo ya kuzitafuta sentimita hizo.

Daktari aliyepanda roketi

Wataalamu wa zamani waliamini kwamba binadamu hawezi kustahimili zaidi ya mara 18 ya uzito wake. Daktari wa jeshi la anga la Marekani, John Paul Stapp, hakuamini, na badala ya kubishana aliamua kujaribu kwa mwili wake. Tarehe 10 Desemba 1954, katika jangwa la New Mexico, alifungwa kwenye gari la reli linalosukumwa na roketi. Lilifika kilomita 1,017 kwa saa, kisha likasimamishwa kwa sekunde 1.4. Mwili wake ulibeba mara 46 ya uzito wake. Macho yalivilia damu na kwa muda hakuona kitu. Aliona tena, akaishi hadi miaka 89.

Kumbe mwili unavumilia mengi, mradi umefungwa sawasawa. Na Stapp aligundua jambo jingine lililowakera wakubwa wake: jeshi lilikuwa likipoteza marubani wengi zaidi barabarani, ndani ya magari yao, kuliko angani. Akaanza kupigania mikanda ya magari. Mkutano wa kitaalamu kuhusu majeraha ya ajali ulioanza mwaka 1955 mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Katika majaribio yake ya awali, mwaka 1949, vipimo vilifungwa kinyume na vikasoma sifuri. Mhandisi aliyehusika na vipimo hivyo aliitwa Edward Murphy. Ile "Sheria ya Murphy" inayosema kwamba kinachoweza kuharibika kitaharibika, ndiko ilikozaliwa.

Waliosaidia baada ya kufa

Mtu aliye hai anaweza kujaribiwa mpaka anapoanza kuumia, si zaidi. Kwa hiyo tangu mwaka 1939, Chuo Kikuu cha Wayne State mjini Detroit kilianza kutumia maiti za watu waliotoa miili yao kwa sayansi. Ziliwahi kudondoshwa hata katika shimo la lifti ili kupima fuvu linapasuka kwa nguvu gani. Mwenzao aliyekuwa hai, Profesa Lawrence Patrick, alijitoa pia: alijirusha kwenye kigari cha majaribio mara mamia, akakubali kifua chake kigongwe na chuma kizito.

Habari hizi hutia uzito moyoni, na kwetu, ambako maiti huoshwa kwa staha na kuzikwa mapema, si jambo la kuzungumzwa kwa mzaha. Lakini mwaka 1995 Albert King wa chuo hichohicho alikadiria kwamba elimu iliyopatikana kwa miili hiyo ilikuwa ikiokoa watu wapatao 8,500 kila mwaka nchini Marekani pekee. Ukifunga mkanda leo asubuhi, umenufaika na mtu usiyemjua jina.

Sanamu la kiume

Vipimo vilivyotoka kwa walio hai na wafu vilihamishiwa kwenye masanamu ya majaribio ya ajali. La kwanza kupata umaarufu, Sierra Sam, lilitengenezwa Marekani mwaka 1949 kwa ajili ya kujaribu viti vya marubani vinavyofyatuka. Linalotumika zaidi duniani kwa ajali za kugongana uso kwa uso linaitwa Hybrid III, la mwaka 1976. Lina urefu wa sentimita 175 na uzito wa kilo 78, mbavu za chuma, ngozi ya plastiki, na vipimo kichwani, shingoni, kifuani na mapajani.

Umeona kasoro? Ni mwanamume.

Kwa miongo mingi mwanamke aliwakilishwa na sanamu dogo lenye kimo cha mita moja na nusu na uzito wa kilo 49 hivi, ambalo kwa hakika ni la kiume lililopunguzwa. Lakini mwanamke si mwanamume mdogo. Nyonga zake zina umbo lingine, misuli ya shingo ina nguvu tofauti, na mara nyingi husogeza kiti karibu na usukani ili miguu ifikie pedali. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia walipitia kumbukumbu za ajali halisi, wakakuta kwamba madereva wa kike waliofunga mkanda walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 47 wa kuumia vibaya kuliko madereva wa kiume katika ajali zinazofanana.

Sanamu la kwanza la mwanamke wa wastani, lililochongwa kwa vipimo vya kike kwa ajili ya ajali za kugongwa nyuma, lilitangazwa Sweden mwaka 2022 na kundi la Profesa Astrid Linder. Lina sentimita 162 na kilo 62. Tangu gari la kwanza, lile la Benz la mwaka 1886, mpaka 2022 ni miaka 136. Kuchelewa huko si kwa kukosa teknolojia. Hakuna aliyeona haja.

Mkanda uliotolewa bure

Nils Bohlin alikuwa akibuni viti vya kufyatua marubani katika kampuni ya ndege ya Saab kabla ya kuhamia Volvo mwaka 1958. Alikuta mikanda ya tumboni, ileile iliyompasua DeHaven. Alijua rubani hukubali kufungwa kama mzigo, lakini mwenye gari hatakubali. Lazima afunge kwa mkono mmoja, na kwa haraka. Mwaka 1959 akaja na mkanda unaoshikizwa mahali patatu: kipande kimoja kinakata kifua, kingine kinakaa chini juu ya mifupa ya nyonga, na vyote viwili vinakutana ubavuni. Nguvu ya ajali hupelekwa kwenye mifupa iliyo imara na kuliepuka tumbo, ambalo halina cha kulikinga.

Volvo iliruhusu watengenezaji wengine wautumie ubunifu huo. Mwaka 1967 Bohlin aliwasilisha ripoti ya ajali 28,000 zilizotokea Sweden. Wasiofunga mkanda walikufa hata kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Kati ya waliofunga, hakuna aliyekufa katika mwendo wa chini ya kilomita 96.

Kenya ilijaribu kuuingiza mkanda ndani ya matatu mwezi Februari 2004, kwa kanuni za Waziri John Michuki, pamoja na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Wanaokumbuka miezi ile ya mwanzo wanakumbuka abiria wakiketi kwa nidhamu isiyo ya kawaida. Mikanda mingi baadaye ilichakaa, ikachafuka, ikafichwa chini ya viti. Ubora wa uhandisi hausaidii kitu kilichofunikwa na mto wa kiti.

Mama mjamzito naye afunge. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya mapaja, na wa juu upite kati ya matiti. Usipite katikati ya tumbo hata kidogo.

Mtoto na wanaanga

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Msweden Bertil Aldman aliona kwenye televisheni wanaanga wa Marekani wakiwa wamelalia migongo yao wakati wa kurushwa, ili nguvu isambae mgongo mzima. Akawaza watoto. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, na shingo bado laini. Mwaka 1964 kiti chake cha mtoto kinachotazama nyuma kilijaribiwa ndani ya gari. Gari likigonga mbele, mgongo wote wa mtoto hupokea nguvu badala ya shingo. Kiti cha namna hiyo hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Mfuko wa hewa

Hujaa kwa takriban sekunde 0.03, yaani kabla hujamaliza kupepesa jicho, kisha huanza kutoa hewa kupitia matundu maalumu. Usipotoa hewa, utakudundisha. Tangu mwaka 2018, waendesha pikipiki wote wa mashindano ya MotoGP wanalazimika kuvaa suti zenye mifuko hiyo. Kompyuta iliyoshonewa ndani husoma mtikisiko wa mwili na kutambua kwamba dereva anaruka hewani kabla hajaigusa lami.

Shingo ya dereva wa mbio

Mkanda mzuri ulileta tatizo lake. Katika magari ya mashindano, kifua kilikuwa kimefungwa imara, lakini kichwa, kikiwa na helmeti nzito, kiliendelea mbele peke yake, na kitako cha fuvu kikavunjika. Profesa Robert Hubbard wa Chuo Kikuu cha Michigan State na shemeji yake Jim Downing, dereva wa mbio, walitengeneza kola ngumu inayokaa mabegani na kuishikilia helmeti kwa kamba mbili. Kwa miaka mingi madereva wengi waliicheka: inabana, inakera. Februari 2001, dereva mashuhuri Dale Earnhardt alifariki katika mbio za Daytona kwa jeraha hilohilo. Kabla mwaka haujaisha, kifaa cha kushikilia kichwa na shingo kikawa lazima katika mashindano yake, na mwaka 2003 Formula One ikailazimisha kola hiyo. Leo madereva wote wa mbio za Safari Rally pale Naivasha huivaa. Nimeona mara nyingi kwamba kifaa hukaa kabatini kikisubiri mtu maarufu afe.

Msumeno unaotambua kidole

Mwili wa mtu hupitisha umeme, ubao mkavu haupitishi kwa kiwango hicho. Mwaka 1999 Steve Gass, wakili wa hataza mwenye shahada ya uzamivu ya fizikia, aliigeuza tofauti hiyo kuwa breki. Meno ya msumeno hubeba umeme mdogo sana. Ngozi ikigusa, umeme hubadilika, kipande cha alumini hurushwa kwenye msumeno na kuusimamisha ndani ya sekunde 0.005, nao huzama chini ya meza. Alianza kuujaribu kwa soseji, baadaye akaweka kidole chake mwenyewe. Hubaki mkwaruzo.

Kila wakati mashine ikifyatuka, breki na mara nyingi msumeno wenyewe huharibika, na gharama si ndogo. Ubao mbichi pia unaweza kuidanganya mashine. Fundi wa Keko, Dar es Salaam, anayepasua mninga kutwa nzima hatainunua leo wala kesho. Lakini kinga ya msumeno, ile ya chuma ambayo mafundi wengi huifungua na kuitupa pembeni siku ya kwanza, huja na mashine bila malipo ya ziada.

Jeraha lisilouma

Hapa ndipo uhandisi tiba ulipopigwa mweleka, na mimi napapenda kuliko pengine pote.

Daktari Paul Brand alifanya kazi na wagonjwa wa ukoma mjini Vellore, India, kisha Louisiana, Marekani. Alithibitisha kwamba vidole vyao havikuwa vikioza kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Ukoma huua mishipa ya fahamu, maumivu hutoweka, na mtu hujijeruhi bila kujua: anashika sufuria ya moto, anatembea na msumari ndani ya kiatu. Basi Brand na wahandisi wake wakajaribu kutengeneza maumivu ya bandia. Walitia vipimo vya mgandamizo kwenye glavu na soksi, na nguvu ikizidi, kengele inalia. Wagonjwa waliisikia kengele wakaendelea na kazi. Wakaweka mshtuko wa umeme. Wagonjwa waliposhika kazi wanayoitaka, walizima mashine kwanza, wakamaliza, wakaiwasha tena. Maumivu ya kweli hayazimwi kwa swichi, na ndiyo sababu yanafaa. Mradi ulifungwa.

Kilichofaulu ni kitu cha hali ya chini: viatu laini vinavyosambaza uzito wa mwili kwenye unyayo mzima, na utaratibu wa kukagua miguu.

Elimu hiyo sasa inawafaa wenye kisukari, ambao miguu yao hufa ganzi vivyo hivyo. Watafiti wamegundua kwamba kabla kidonda hakijafunguka, sehemu hiyo ya unyayo huwa na joto zaidi. Tofauti ya nyuzi 2.2 za Selsiasi kati ya mguu mmoja na mwingine, mahali palepale, ni onyo. Zipo zulia na soksi zinazosoma joto hilo na kutuma taarifa kwenye simu. Kama huna, kagua nyayo zako kila jioni kwa kioo, na ukung'ute viatu kabla ya kuvaa.

Helmeti, na kifo kilichomkosesha daktari raha

Mei 1935, T. E. Lawrence, Mwingereza aliyevuma kwa kupigana bega kwa bega na Waarabu dhidi ya Waturuki, aliwakwepa vijana wawili wa baiskeli akarushwa kutoka kwenye pikipiki yake. Hakuwa na helmeti. Alifariki baada ya siku sita. Miongoni mwa madaktari walioitwa alikuwemo bingwa wa upasuaji wa ubongo, Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia, na tukio hilo lilimfanya aanze kuchunguza vifo vya waendesha pikipiki. Mwaka 1941 alichapisha hoja yake kuhusu helmeti, na mwishoni mwa mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha wapanda pikipiki wake kuivaa. Raia wa Uingereza walisubiri hadi 1973.

Mwenzake Cairns kule Oxford, mwanafizikia A. H. S. Holbourn, alitengeneza ubongo wa jelatini mwaka 1943 na kuonyesha kwamba kugeuzwa ghafla kwa kichwa ndiko kunakoupasua ubongo kwa ndani, hata fuvu likibaki zima. Ilichukua zaidi ya nusu karne helmeti kulijibu hilo. Wasweden wa Stockholm walibuni utando unaoteleza milimita 10 hadi 15 ndani ya helmeti, ili kofia izunguke kidogo na kichwa kisizunguke nayo.

Ganda la nje la helmeti hukwaruzika na kusambaza pigo, lakini kazi kubwa iko kwenye povu jeupe la ndani, la aina ileile inayofungiwa televisheni mpya. Hupondeka, na kwa kupondeka hukupa zile sentimita chache za kusimama. Hupondeka mara moja tu. Helmeti iliyokwisha kugonga lami imeshafanya kazi yake, hata ikiwa inang'aa. Kofia ya mjengo, na ile ya plastiki isiyo na povu inayovaliwa kwa ajili ya trafiki, hazina cha kupondeka.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na mtandao wa Cochrane mwaka 2008 ulikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki kwa asilimia 42, na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69. Mjini Kigali, abiria wa pikipiki hupewa helmeti kabla ya safari. Dar es Salaam na Nairobi abiria wengi huikataa kwa sababu imevaliwa na watu wengi na inanuka jasho, na hoja hiyo haipuuziki. Dawa yake ni kitambaa chepesi cha kuvaa chini yake, au kununua ya kwako.

Ukishaivaa, ifunge kamba ya kidevuni mpaka kidole kimoja tu kipite. Helmeti isiyofungwa huruka kichwani mwanzoni mwa ajali, kabla kichwa hakijafika chini.